Kujisajili si kufuata: Neno moja lilivyomfichia mwalimu wangu makundi ya Usenet

MWALIMU aliyenifunza Kiswahili katika shule ya upili alinipigia simu majuzi. Amestaafu, anaishi mashambani, na tarakilishi yake ni ile kuukuu ambayo mjukuu wake aliifufua kwa kuiwekea mfumo wa Linux. Alikuwa amesikia kwamba katika Usenet kuna kundi la wapenzi wa isimu liitwalo sci.lang, akataka kulisoma bila kumaliza bando. Nilimshauri atumie slrn, programu ya maandishi matupu isiyo na picha wala madoido, ambayo huenda vizuri hata kwenye mashine dhaifu. Kisha nikamwandikia ukurasa mmoja wa maagizo, hatua baada ya hatua, kwa Kiswahili nilichodhani ni sanifu na safi.

Siku tatu baadaye simu ikalia tena. "Mwanangu, nimefanya yote uliyoandika, lakini skrini ni tupu. Hakuna kundi hata moja. Labda huu uzee umenizidi."

Kumbe uzee haukuhusika hata kidogo. Kosa lilikuwa la neno langu moja. Katika makala ya leo nitaeleza jinsi programu ya aina hii inavyosetiwa ili ionyeshe orodha ya makundi yaliyopo, na papo hapo nionyeshe jinsi istilahi isiyochunguzwa inavyoweza kumpoteza msomaji mwerevu kuliko mwandishi.

Usenet kwa muhtasari

Usenet ilibuniwa mwaka wa 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ikaanza kutumika mwaka wa 1980. Hiyo ni takriban miaka kumi kabla ya wavuti tunaoujua leo. Wazo lenyewe ni jepesi: watu wanaandika ujumbe, ujumbe unapangwa katika makundi kulingana na mada, na seva mbalimbali zinapashana ujumbe huo hadi unaenea kote. Hakuna mwenye Usenet. Kila seva huamua itabeba makundi yapi na itayahifadhi kwa muda gani.

Mwaka wa 1986 ilichapishwa itifaki ya NNTP, yaani kanuni za mazungumzo baina ya seva na programu ya msomaji. Mwaka uliofuata makundi yakapangwa upya chini ya matawi makuu saba: comp la tarakilishi, misc la mseto, news la mambo ya Usenet yenyewe, rec la burudani, sci la sayansi, soc la jamii na talk la mijadala mikali. Tawi la humanities liliongezwa baadaye. Pembeni likachipuka tawi la alt, ambalo halikutaka kubanwa na utaratibu wa yale mengine.

Zamani, kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vya Marekani walimiminika Usenet bila kujua adabu za barazani, wakasumbua kwa wiki kadhaa, kisha wakazoea. Kuanzia mwaka wa 1993 watumiaji wa kawaida wa intaneti waliingia mfululizo, na wakongwe wakalalamika kwamba Septemba ya mwaka huo haikuisha. Ndiyo asili ya jina la seva moja ya bure inayojulikana sana hadi leo, Eternal September.

Kwa miaka mingi walio wengi walisoma makundi haya kupitia Google Groups. Mnamo Februari 22, 2024, huduma hiyo iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet, ikabaki kuonyesha wa zamani tu. Anayetaka mjadala wa leo sharti arudi kwenye njia ya awali, ile ya seva na programu ya kusomea. Hapo ndipo maagizo yanapohitajika.

Msomaji habari au kisomeo?

Kabla hata ya kufika kwenye hatua ya kwanza, mfasiri anakumbana na majina mawili. Jina la Kiingereza la kundi la Usenet likifasiriwa neno kwa neno linakuwa 'kundi la habari', na programu yenyewe inakuwa 'msomaji habari'. Fasiri hizo zote mbili zinapotosha.

Msomaji wa habari kwetu ni binadamu. Ni yule anayeketi studioni saa moja jioni na kutusomea taarifa. Ukimwambia mtu 'weka msomaji habari kwenye tarakilishi', atashangaa. Nalo 'kundi la habari' linaleta picha ya wanahabari, ilhali katika sci.lang hakuna taarifa ya habari. Kuna watu wanabishana kuhusu asili ya maneno na mabadiliko ya sauti. Kilicho karibu zaidi na kitu hicho katika utamaduni wetu ni baraza, ile sehemu ya kuketi mbele ya nyumba za pwani ambako anayepita husimama, husikiliza, na akitaka hutia neno. Nimebaki na 'kundi' kwa sababu limeshazoeleka katika simu zetu, ila msomaji wangu alifikirie kama baraza: hakuna anayepigwa muhuri mkononi ndipo asikilize.

Kuhusu programu, Kiswahili kina njia yake ya kuunda majina ya ala. Tunachukua kitenzi, tunakitia katika kauli ya kutendea, tunakipa kiambishi ki- mwanzoni na irabu -o mwishoni. Chuja, chujia, kichujio. Pima, pimia, kipimio. Kwa utaratibu huohuo: soma, somea, kisomeo. Wapo wanaopendekeza 'kisomaji', nami sina ugomvi nao, ila wakumbuke kwamba kinywaji si chombo cha kunywea bali ni kile kinachonywewa. Kwa mantiki hiyo 'kisomaji' kinaweza kueleweka kama kitu kinachosomwa. Kisomeo hakina utata huo, na hakigongani na 'kisomo', neno ambalo tayari lina kazi zake katika elimu ya watu wazima na katika mikusanyiko ya dua.

Nukta yenye kazi mbili

Jina kama sci.lang linasomwa kutoka kubwa kwenda dogo: kwanza sayansi, kisha lugha. Ukiongeza tawi unapata sci.lang.translation, la tafsiri. Mpangilio huu ni kinyume cha anwani za tovuti, ambazo huanza na dogo na kuishia na kubwa. Ni kinyume pia cha kiunganifu chetu -a, kwa kuwa Mswahili husema 'tafsiri ya lugha', akianza na kile hasa anachokizungumzia. Ndiyo maana anayeanza hujikanganya. Anaona comp.lang.c na kudhani ni kundi la lugha. Ni la lugha, naam, lakini lugha za kuandikia programu, kwa kuwa neno la kwanza ndilo linalotawala.

Nukta ndani ya jina hutenganisha ngazi. Lakini seva inapotuma orodha ya makundi, nukta hurudia kazi yake ya kawaida ya kumaliza. Kisomeo kinaituma amri ya LIST, seva inajibu kwa namba 215 kuashiria kwamba orodha inafuata, kisha inatuma mstari mmoja kwa kila kundi. Mwishoni hutuma mstari wenye nukta pekee. Hapo mazungumzo yamekoma, kama vile sentensi inavyokoma.

Kila mstari wa orodha hiyo una sehemu nne: jina la kundi, namba ya ujumbe wa mwisho, namba ya ujumbe wa kwanza ambao bado upo, na herufi moja. Herufi y humaanisha unaruhusiwa kuandika, n huruhusiwi, na m kwamba kundi lina msimamizi anayekagua ujumbe kabla haujatoka.

Hatua zenyewe

Sasa tuje kwenye utaratibu. Nitatumia slrn na seva ya Eternal September kama mfano, kwa kuwa ndivyo alivyotumia mwalimu wangu.

Kwanza, pata idhini ya seva. Hapa ndipo mtu anajisajili kwa maana halisi: anajaza fomu kwenye tovuti ya seva, anapata jina la mtumiaji na nywila.

Pili, kiambie kisomeo kitazungumza na seva ipi. Katika faili iitwayo .slrnrc, iliyo katika folda yako ya nyumbani, andika mistari hii miwili, ukiweka jina lako na nywila yako mahali pake:

server "news.eternal-september.org" ".jnewsrc"
nnrpaccess "news.eternal-september.org" "jina" "nywila"

Mstari wa kwanza unasema: ukiwa na seva hii, kumbukumbu zangu ziko katika faili ya .jnewsrc. Wa pili unakabidhi jina na nywila kila seva inapoziuliza. Kwa kuwa nywila imeandikwa wazi, ifunge faili hiyo asiisome mtu mwingine kwa amri ya chmod 600 .slrnrc. Kisha, kwenye dirisha lilelile la amri, taja seva:

export NNTPSERVER=news.eternal-september.org

Tatu, vuta orodha. Kosa la wengi ni kufungua kisomeo moja kwa moja wakitarajia makundi yawe yanawasubiri. Kisomeo kipya hakijui lolote mpaka kiombe. Amri ya kuomba ni hii:

slrn -f ~/.jnewsrc --create

Amri hii huitaka seva orodha nzima na kuunda nayo faili ya kumbukumbu. Subiri, kwa maana makundi ni mengi. Itumie mara moja tu. Ukiirudia baadaye, itaiunda faili upya na kumbukumbu zako za zamani zitapotea, kwa hivyo anayelazimika kuirudia aweke nakala kwanza.

Nne, fungua orodha uione. Hapa ndipo mwalimu wangu alipokwama, na hapa ndipo makala haya yalipozaliwa.

'Nilishajisajili'

Orodha ikishavutwa, karibu makundi yote huwekwa yakiwa na alama ya kutofuatwa, na slrn huficha makundi ya namna hiyo. Kwa hivyo skrini inaweza kuwa tupu ilhali faili ya kumbukumbu imejaa pomoni. Ufunguo wa kuyafichua ni L, herufi kubwa. Maelezo ya Kiingereza ya ufunguo huo yana kitenzi kilekile ambacho magazeti hukitumia kwa wasomaji wanaolipia nakala zao. Nami, bila kufikiri, nikaandika: 'Bonyeza L uone makundi ambayo hujajisajili.'

Nilipomuuliza mwalimu kama alibonyeza L, alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyesahihisha insha kwa miaka mingi: "Nibonyeze ya nini? Umeandika ni ya asiyejisajili. Mimi nilishajisajili katika hatua ya kwanza, na barua pepe ya kuthibitisha ninayo."

Nikashika tama. Mantiki yake haikuwa na ufa. Mimi ndiye niliyetumia neno moja kwa vitendo viwili. Yeye, kama msomaji yeyote makini, aliamini kwamba neno lilelile katika matini moja lina maana ileile.

Tuvitazame vitendo hivyo. Sajili ni neno tuliloazima kutoka Kiarabu, na asili yake ni daftari la kumbukumbu rasmi. Ukijisajili, kuna ofisi mahali fulani ambayo sasa inalijua jina lako. Ndivyo ilivyo kwa seva: ina jina lako na nywila yako. Lakini unapochagua kundi ndani ya kisomeo, hakuna anayearifiwa. Seva haijui, wanakundi hawajui, na hakuna anayekuidhinisha. Kinachotokea ni kwamba alama moja inabadilishwa katika faili iliyo kwenye tarakilishi yako.

Ukiifungua faili ya .jnewsrc utaiona alama hiyo kwa macho yako. Mistari yake huwa hivi:

sci.lang: 1-480,485
sci.lang.translation!

Mstari wa kwanza una nukta mbili baada ya jina. Maana yake: kundi hili nalifuata, nami nimesoma ujumbe wa 1 hadi 480, na ule wa 485. Wa pili una alama ya hisi: kundi hili lipo, ila silifuati. Basi. Tofauti yote kati ya skrini tupu na skrini yenye makundi ni nukta mbili dhidi ya alama ya hisi. Wanafunzi wanaouliza alama za uakifishaji zina faida gani nje ya mtihani, jibu ndilo hilo.

Kwa hivyo kitenzi kinachofaa hapa ni 'fuata', ambacho vijana wetu wanakitumia kila siku katika mitandao ya kijamii. Maagizo yangu niliyasahihisha yakawa hivi: 'Bonyeza L, herufi kubwa, uone pia makundi ambayo bado huyafuati. Ukiulizwa ni yapi, andika sci.lang* kisha ubonyeze Enta. Peleka kielekezi kwenye kundi unalolitaka, ubonyeze s ili ulifuate. Ukibadili nia, bonyeza u.'

Angalia pia nilivyotaja herufi kubwa. Katika slrn, l ndogo ina kazi nyingine: huficha au kuonyesha makundi yasiyo na ujumbe mpya kwako. Mwandishi wa maagizo asiyetofautisha herufi hizi mbili anampeleka msomaji kwenye mlango mwingine kabisa.

Nyota na mzizi wa neno

Ile nyota katika sci.lang* nayo inastahili maelezo, na mwalimu wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuipata. Nyota husimama mahali pa chochote, hata pasipo na kitu. Fikiria mzizi -som-. Ukiuandika kwa mtindo wa tarakilishi, *som*, utanasa soma, msomi, masomo, kisomo na somesha. Nyota ya mbele imechukua nafasi ya viambishi awali, ya nyuma ikachukua ya viambishi tamati.

Hali ni hiyohiyo kwa makundi. Ukiandika sci.lang* utapata sci.lang yenyewe na matawi yake. Ukiandika *lang* utazoa kila kundi lenye herufi hizo popote, zikiwemo lugha zote za kuandikia programu chini ya comp.lang. Na ukiandika nyota peke yake utaletewa orodha nzima, uipekue mpaka macho yachoke. Anza na mzizi mwembamba, kisha upanue ukikosa.

Wanaopendelea kisomeo kingine kiitwacho tin watakuta fikra ileile kwa ufunguo tofauti. Huko herufi y ndiyo inayoyaleta makundi yote mbele yako, na ukiibonyeza tena unarudi kwenye yale unayoyafuata tu. Kitenzi cha Kiingereza kilichozaa herufi hiyo ni cha kuvuta kwa nguvu, kama mtu anayevuta kamba ya kisimani. Hapo 'vuta' kinatosha kabisa.

Skrini ikibaki tupu

Mtu akifanya haya yote na bado asione kitu, ajiulize maswali manne kwa mpangilio. Je, jina la seva limeandikwa sawasawa, bila nukta iliyosahaulika? Je, seva imeikubali nywila? Namba 480 katika majibu yake humaanisha inataka utambulisho kwanza. Je, orodha ilivutwa, yaani faili ya .jnewsrc ipo na ina mistari? Na mwisho, je, makundi yapo ila yamefichwa? Swali hili la nne ndilo la L, na aghalabu ndilo lenye jibu.

Ukiyatazama vizuri, kila swali lina mhusika wake: wewe, seva, faili, skrini. Kipimo hichohicho ninakipendekeza kwa wanaounda istilahi. Kabla ya kuchagua kitenzi cha Kiswahili, uliza: kitendo hiki kikishafanyika, ni nani anayejua? Ikiwa ni ofisi au seva, basi mtu amejisajili. Ikiwa ni faili yake mwenyewe, basi amefuata, amechagua au ameweka alama. Kiingereza kina historia yake iliyokipa maneno yake. Hatulazimiki kuirithi pamoja na mkanganyiko wake.

Hatuko mikono mitupu katika kazi hii. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Maneno kama pakua, kivinjari na tovuti yamekomaa hadi yanatumika magazetini bila ufafanuzi. Lakini istilahi haikomai kwenye orodha ya kamati. Inakomaa pale mtu asiyejua Kiingereza chake anapoifuata peke yake, usiku, bila wa kumuuliza, na ikamfikisha. Mimi niliyesoma maelezo ya Kiingereza kwanza sikuweza kuliona kosa langu, kwa sababu nilikuwa nafasiri kichwani kila nilipojisoma.

Kilichoniuma zaidi ni zile kauli za uzee. Mtu aliyenifunza ngeli na vina, aliyenionyesha kosa katika sentensi niliyojivunia, alikuwa karibu kuizima tarakilishi na kuamini kwamba akili yake ndiyo iliyochoka. Neno baya la kiufundi hufanya hivyo: halijitambulishi kama kosa la mwandishi, humfanya msomaji ajilaumu mwenyewe.

Nilimtumia ukurasa uliosahihishwa. Saa moja haikupita, akanitumia ujumbe mfupi: "Nimeliona kundi, nami nalifuata. Wanabishana kuhusu irabu. Ila katika mstari wako wa sita umeacha mkato."

Niliukagua mstari huo. Kweli, mkato haukuwepo.